Kilio Baba Alichokataa Kumaliza

Lushebere, tarehe 14 Mei 2022

Mudogo wangu Élysée,

Salamu zangu zimefungwa pamoja na fromaji mbili, jibini za maziwa yangu, kilo moja na nusu kila moja. Mwenye moto, yule wa pikipiki, akikupa moja tu, muulize nyingine imelala wapi. Naandika kwa kalamu kwa sababu simu yako imekuwa pambo. Munachimba dhahabu huko Omate, lakini antene moja tu imewashinda.

Nina jambo, na sitalizungusha. Baba mukubwa Byukusenge anataka tumalize kilio cha baba mwezi ujao. Wewe njo mutoto mwanaume, kwa hiyo utasimama nafasi yake: utakunywa maziwa ya kwanza, utapanda mbegu, wazee watapiga makofi. Kisha utarudi kwa wachimbaji wako kuwadunga sindano, na mimi nitabaki na kilima, na ng'ombe, na Hakorimana, yule askari mugonjwa wa baba aliyebaki kuchunga, anayenipigia saluti kila asubuhi. Hayo yote nayakubali. Sina maisha mabaya. Ng'ombe tisa wanakamuliwa, fromaji zangu zinaliwa mpaka Goma, na kila jiwe la nyumba ninamozikaushia nimelilipa mimi, bila diplome ya mutu.

Ila mwenye kukamua ni mimi. Na nimesema mbele ya baba mukubwa, sasa nasema kwako: maziwa ya kilio cha baba hayatatoka mikononi mwangu mpaka tumalize kwanza kilio cha mama.

Usikunje uso. Najua umeukunja. Desturi unaijua, lakini nakuandikia kama mutu aliyesahau, maana porini mutu husahau. Akifa mutu katika ukoo wetu, dume la ng'ombe linatengwa na majike, hatupandi, hatuozeshi, hatupokei mahari, mpaka siku ile wazee wanayoiita kwera: tunanawa, wanaume wananyoa ndevu, tunakunywa maziwa, tunapanda mbegu, dume linarudi. Bila siku hiyo nyumba inabaki imefungwa. Mama alipokufa mwaka 2003, wewe ulikuwa na miaka tisa. Unakumbuka nyimbo na soda. Mimi nilikuwa na kumi na minne, nakumbuka kile ambacho hakikufanyika. Baada ya miezi miwili baba alifungua dume, akasema ng'ombe hawana hatia. Akaturuhusu kulima ili tusife njaa. Basi. Yeye mwenyewe hakunyoa ndevu, hakunywa yale maziwa, hakutaja tena siku ya kwera. Nilipoolewa na Rukundo, aliyekubali tukae hapa kwa baba, ng'ombe za mahari yangu hazikuweza kupita mulango wetu. Ziliingia kwa baba mukubwa, ngoma zikapigwa kwa baba mukubwa, na baba yetu akaketi kwenye kona kama mugeni, na ndevu zake, anatabasamu.

Na huyo huyo njo alikuwa bingwa wa kumaliza vilio vya watu! Hilo linaniuma kuliko mengine. Munganga wa vichwa, askari wa zamani, Daktari Kanyamibwa. Askari wangapi walipanda kilima hiki na macho yamewatoka? Anamuuliza mutu: nani alikufa, mukamuacha njiani bila kumulilia? Anataja majina. Baba anamuketisha kwenye mukeka siku saba, anakatazwa jembe, analetewa chakula kama mufiwa, sisi watoto tunaambiwa tumusalimie pole. Siku ya mwisho maziwa, mbegu, anapanda. Lile shamba chini ya nyumba lote lilipandwa na watu wanaolia ndugu ambao hatukuwahi kuwaona. Mimi njo niliyekamua maziwa hayo. Kwa askari wa watu, maziwa. Kwa muke wake, hakuna.

Sasa dume limefungwa ng'ambo ya kijito tangu baba afe, mwezi wa ine, na linalia kama baragumu. Piga hesabu: jike asipopandwa sasa, mwakani hakuna ndama, bila ndama hakuna maziwa, bila maziwa usiniombe fromaji. Katika ukoo huu wote mimi njo mwenye haraka, na bado nasema hapana. Pima mwenyewe uzito wake.

Yaya yako,
Tumukunde


Omate, tarehe 2 Juni 2022

Yaya Tumukunde,

Fromaji zilifika zote mbili. Moja imekwisha kabla sijafungua barua. Sidonie, muke wangu, anasema yeye aliolewa na fromaji hii, mimi nilikuja tu kama mufuko wake.

Juni sitaweza. Mvua imeingia kwenye mashimo, wachimbaji wanakunywa maji ya mule mule, na katika kituo hiki muuguzi ni mimi peke yangu. Wanaharisha kwa zamu, kama walipanga. Labda mwezi wa nane, ao wa tisa.

Juu ya mama. Yaya, nimekuwa nikifikiria sana, na nadhani najua. Baba alikuwa Mubambiro, kambini, anatibu askari, mama alipokufa. Alifika siku ya pili, akakuta tumeshamuosha. Mutu aliyeponya vichwa vya watu, na muke wake anakufa bila yeye kuwa karibu. Nadhani alijihukumu. Nadhani zile ndevu zilikuwa kifungo alichojifunga mwenyewe. Nimesoma juu ya watu kama hao: anaponya wote, lakini kidonda chake anakificha chini ya shati. Tukimaliza kilio cha mama leo ni kama tunaingia kwa nguvu mahali alipopafunga. Kwa nini tusimuachie? Kilio cha mama kiko moyoni mwetu. Tumalize cha baba kwa amani, dume lirudi, wewe upate ndama zako.

Unakumbuka alivyokuwa akikagua sahani zetu kama gwaride? Mikono nyuma, muguu wa kushoto ukiburuta kidogo kwa sababu ya ile risasi. "Askari Élysée, maharagi haya yamekosa nini?" Nami nasema, "Hayajakosa kitu, kamanda." "Yamekosa kuliwa!" Hapa Omate kuna muchimbaji mumoja aliyefukiwa na udongo akaokolewa, hapati usingizi, usiku anapiga kelele. Wenzake wawili hawakutoka. Nimemuketisha kwenye mukeka, kama baba. Chifu wa wachimbaji ananicheka. Lakini jana alileta chakula.

Tulia, Yaya. Nakuomba.

Mudogo wako,
Élysée


Lushebere, tarehe 20 Juni 2022

Kwa Daktari Élysée, bingwa wa vidonda vilivyofichwa chini ya mashati,

Nimesoma barua yako nikiwa nakoroga maziwa, na maziwa karibu yaungue. Kidonda gani? Nimekaa na mutu yule miaka kumi na tisa baada ya mama. Nimemufulia mashati, chini yake hakukuwa na kitu isipokuwa tumbo. Alikuwa akila. Alikuwa akilala, akikoroma mpaka kuku wanahama. Alikuwa akimutaja mama kila siku bila sauti kukatika: "Mukankusi angewacheka," "Mukankusi hakutia chumvi hivi." Mutu anayejihukumu anasema hivyo? Wewe ulikuwa internat, shule ya kulala, ukirudi likizo na vitabu. Sura ile ya huzuni uliipata kwenye vitabu vyako, nyumbani haikuwako.

Wazia basi maisha yake, uniambie kilio kimeingilia wapi. Anatoroka nyumbani na miaka kumi na tisa, anaingia jeshini. Wanamutuma mbali, anapigwa risasi ya muguu, anarudi. Jeshi linamusomesha uganga Kinshasa. Wenzake wote wanataka kupasua matumbo, yeye anachagua vichwa. Wanamucheka, wanamuita kapiteni wa wendawazimu. Anakuja kumuoa mama, anajenga hapa kwa mawe ya kilima. Mubambiro wiki moja, kilimani wiki moja, mpaka uzee. Mutu mwenye akili namna hiyo, anayejua kilio ni nini kuliko padri, anaacha kilio cha muke wake wazi kwa kusahau? Ao kwa huzuni? Hapana. Baba hakuwa mutu wa kuacha zizi wazi. Kama aliacha, alitaka.

Nilimuuliza Hakorimana. Unajua namna yake. Mutu hamuulizi, anamupa amri. Nilisimama wima, nikasema, "Sajini Hakorimana, ripoti! Kwa nini kamanda hakumaliza kilio cha mama?"

Akapiga saluti. "Siri ya jeshi, mama."

"Kamanda amekufa. Mimi njo kamanda."

Akafikiria. Akaweka chini ndoo. "Basi kamanda amuulize baba yake mukubwa habari ya wanawake watatu."

"Wanawake gani?"

"Ripoti imekwisha," akasema, akageuka kisoja, akaenda kukata majani ya ng'ombe. Nilimufuata mpaka mutoni. Akanipigia saluti nyingine, akaendelea kukata.

Wanawake watatu, Élysée! Sasa moyo wangu umeanza kwenda mahali pabaya. Kama baba alikuwa na wanawake pembeni, na ndevu zile zilikuwa maigizo, nitajua. Jumapili baada ya misa naenda kwa Byukusenge.

Tumukunde


Omate, tarehe 1 Julai 2022

Yaya,

Barua yako imefika leo na naandika haraka, moto inaondoka. Usiende kwa baba mukubwa. Kama bado, ngoja.

Lazima nikuambie: yeye njo aliyeniandikia mwezi wa tano, kabla yako. Alisema, "Mutulize dada yako, asichimbe habari ya kilio cha mama yenu, kuna mambo ya aibu ndani." Hakusema aibu ya nani. Nikaogopa. Nikatafuta maelezo mazuri, nikayapata, nikakuandikia. Nusu niliyaamini. Sasa na hao wanawake watatu, sijui. Nadhani kuna vitu vya wazazi ambavyo mutoto akivijua hawezi kuvirudisha.

Ngoja nije, tuende wote wawili.

Élysée


Lushebere, tarehe 10 Julai 2022

Élysée,

Barua yako imenikuta nimeshaenda na kurudi. Kaa chini. Mupe Sidonie mutoto wenu, usije ukamuangusha kwa kucheka, ao kwa kitu kingine. Mimi nilifanya vyote viwili.

Nilimukuta baba mukubwa anapukuchua maharagi, amevaa bado koti la misa. Nikasema bila salamu ndefu, "Baba mukubwa, wale wanawake watatu ni nani?"

Akaacha kupukuchua. "Nani amekuambia?"

"Ukiuliza nani, basi wako."

"Ni ule Hakorimana! Ule iko mukichaa tangu zamani. Utasikiliza mukichaa?"

"Mukichaa, lakini kuhesabu anajua. Alisema watatu."

"Wane," akasema baba mukubwa. "Wa ine alitoka Sake." Kisha akashika kinywa, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Wanawake hawakuwa wa baba, mudogo wangu. Walikuwa wa Byukusenge. Alikuwa akimuletea baba bibi! Mama alikuwa hajamaliza hata mwaka kaburini, na huyu muzee anazunguka vilima kumutafutia ndugu yake muke mupya, maana, namutaja kwa maneno yake, "munganga hawezi kupika, na askari akipika, ni hatari kwa watoto."

"Wa kwanza Muhawenimana," akaniambia, na sasa alikuwa amekasirika kama ni jana. "Mutoto wa mwalimu. Meno meupe! Nikamuambia ndugu yangu, huyu hapa. Akanijibu, 'Asante kaka, lakini niko mu kilio.' Sawa. Ni haki yake. Mwaka ukapita, nikaleta wa pili. 'Kaka, niko mu kilio.' Nikamuambia, si umalize! 'Kaka, mimi njo munganga wa hiyo dawa, haiharakishwi.' Anamaliza kilio cha askari siku saba, chake miaka! Wa tatu sitamutaja, aliolewa kwa watu wazuri. Ule wa Sake nikasema, huyu sitamuuliza, nitamuleta. Nikamuleta mpaka kwa mulango wenu, wewe uko mutoni kuteka maji, yeye na mama yake, na bidon ya kasiksi, pombe safi ya ndizi, kichwani. Unajua alifanya nini baba yako?"

"Alifanya nini?"

"Alitoka na saluti! Saluti, mbele ya mama mukwe! 'Karibu mama, lakini nyumba hii iko mu kilio, bibi-arusi akiingia ndani atapata mikosi.' Wanawake wakakimbia kilima chote. Kasiksi wakaiacha. Baba yako akainywa na wagonjwa wake, nilisikia wakiimba."

Élysée, nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye maganda. Nikamuuliza kwa nini hakutuambia.

"Niwaambie nini? Kwamba mimi, mukubwa wa ukoo, nimeshindwa na sheria yangu mwenyewe? Bila kwera, mufiwa haozeshwi. Mimi njo niliyemufundisha hiyo akiwa mutoto!" Akapukuchua ganda moja polepole. "Alinieleza baadaye. Mama yetu alipokufa, mimi nilikuwa nimeshaoa. Yeye alikuwa na miaka sita. Baba yetu akaleta mwanamuke mwingine kabla mavuno. Ule mwanamuke... acha. Njo sababu alikimbilia jeshi. Aliniambia, 'Kaka, vita nimeviona, na ile nyumba nimeiona. Watoto wangu hawataingia mu ile nyumba.' Nikamuambia si kila mama wa kambo ni mubaya. Akasema, 'Njo kweli. Lakini huyo unayeleta ni yupi?'"

Nilirudi nyumbani nimejaa. Hakuwa na kidonda, hakuwa na vimada. Alikuwa na ujanja. Ndevu zile zilikuwa geti, na yeye muzamu wake.

Nilikamua jioni ile nikitabasamu. Kisha katikati ya ng'ombe wa pili hesabu ikanijia, na mikono ikasimama.

Baba alifunga mulango ili mama wa kambo asiingie. Vizuri. Lakini ndani ya mulango uliofungwa kulikuwa na sufuria, na nguo zako, na wagonjwa wa kula mara mbili kwa siku, na baba asiyeweza kupika. Nani alivishika? Mimi nilikuwa nimemaliza mwaka wa pili wa sekondari. Wa tatu sikuuona. Hakuna aliyeniambia acha shule. Asubuhi moja maharagi yalikuwa yanaungua na mimi nikayaepua, kesho yake tena, na muhula ukapita. Baba alikataa wanawake wane, na nafasi ya wane hao akaniachia mimi, na miaka kumi na minne.

Sasa niambie, wewe msomi. Alinihesabu? Alipokuwa akipiga saluti yake pale mulangoni, alijua nani atalipa? Maana kama alijua, nitamusamehe kwa taabu. Na kama hakujua, yeye aliyejua vichwa vya watu wote, taabu itakuwa kubwa zaidi.

Msimamo wangu haujabadilika. Kilio cha mama kwanza. Sasa baba mukubwa hapingi tena, anaona aibu. Anachouliza ni kimoja: kilio cha muke kinamalizwa na mume, na mume amekufa. Nani atakunywa?

Tumukunde


Omate, tarehe 25 Julai 2022

Yaya yangu,

Nilimusomea Sidonie habari ya saluti, akaanguka kitandani. Kisha nikamusomea mwisho wa barua, akaniambia, "Jibu vizuri." Nimeanza mara nyingi.

Sijui kama alikuhesabu. Nikisema ndiyo nitakuwa naandika tena maelezo mazuri, na umeshanikamata na moja. Baba alikuwa mutu aliyemusikiliza mugonjwa siku nzima, na hakuuliza nani amepika chakula cha mugonjwa huyo. Hayo yote mawili yalikuwa yeye.

Ninachojua ni upande wangu, kwa sababu hesabu uliyoilipa wewe, mimi njo niliyeila. Siku ya kwanza internat walitupa fishi, karatasi ya kujaza majina. Jina la baba: Kanyamibwa. Jina la mama: nikaandika Tumukunde. Prefe, mukubwa wa shule, akanirudishia, akasema, "Wewe, hapa tumeandika mama, siyo dada, dada yako ana miaka mingapi?" Nikasema kumi na saba. Darasa zima likacheka. Nikafuta, nikaandika Mukankusi, na nilijisikia kama mutu anayedanganya. Sikukuambia kwa sababu niliona haya. Nikiwa mutoto nilidhani mama ni cheo ambacho dada mukubwa anapandishwa, kama jeshini.

Kwa hiyo uko sawa, na mimi nilikosa kukuambia utulie. Kilio cha mama kwanza. Sitabishana tena hata kwa koma.

Yule wa mashimo amelala jana usiku wake wa kwanza. Amepanda maharagi nyuma ya kituo, kwenye udongo mubaya kabisa, sijui kama yataota. Chifu wa wachimbaji amekuja kuuliza kama mukeka una nafasi.

Nitatoka hapa tarehe moja Septemba na moto. Nitalala Walikale, kisha Nyabiondo, na tarehe tatu niko kwako. Kama mume anatakiwa, mimi mutoto mwanaume nitakaa nafasi yake, ninywe, twende. Uniwekee fromaji ya zamani, ile inayonuka.

Mudogo wako,
Élysée


Lushebere, tarehe 12 Septemba 2022

Élysée wangu,

Najua ulifika mpaka kwenye muto wa mwisho njiani, ukakuta daraja limekwenda na maji. Mwenye moto wako alivuka kwa kamba peke yake, akaja mpaka hapa kutuambia umegeuza. Usijilaumu. Pikipiki haiogelei. Tulingoja siku mbili. Kisha baba mukubwa akatazama mawingu, akasema mbegu hazingoji muuguzi, na yeye ana miaka sabini na minane, hana uhakika wa msimu mwingine. Tukafanya.

Nitakuambia ya baba kwanza, ingawa ilifuata nyuma, maana ni fupi na ilikwenda vizuri. Walikuja watu wengi kuliko maharagi niliyopika. Walikuja wanaume nisiowajua, wengine na fimbo, wengine na bibi zao na watoto, kutoka Mubambiro, kutoka Sake, mumoja kutoka mbali zaidi yako. Wote waliwahi kuketi kwenye ule mukeka. Kila mumoja alikuja na kikombe chake, bila kuambiwa. Nilipotakiwa kusema maisha ya baba, nilisema yote: jeshi, risasi, Kinshasa, vichwa. Nilisema alikuwa munganga muzuri, na kwamba alikula kila kitu nilichopika na hakuwahi kuuliza mupishi amelala saa ngapi. Watu wakacheka, kwa sababu wale wa mukeka walikuwa wanajua. Nikasimulia habari ya kasiksi ya Sake. Baba mukubwa akapiga kelele, "Hiyo usiseme!" na mumoja wa wale askari akasema, "Ilikuwa kasiksi nzuri, muzee," na hapo kilio kikawa karamu. Dume lilifunguliwa mchana. Halikungoja hotuba. Tumepanda mpaka kwenye ukingo.

Sasa ya mama, ile ya asubuhi.

Tulikaa mbele ya mulango, ukoo tu. Maziwa yalikuwa tayari, nimeyakamua mwenyewe, safari hii bila kinyongo. Baba mukubwa akasimama na fimbo yake. Wewe hukuwepo. Akatafuta kwa macho mwanaume wa nyumba. Rukundo wangu ni mukwe, haruhusiwi. Hakorimana akapiga hatua moja mbele, kifua nje. Baba mukubwa akamuambia, "Wewe rudi mu mustari." Akarudi.

Kisha akanitazama mimi. "Mwanamuke hakamui ng'ombe katika ukoo wetu," akasema. "Nimesema hivyo tangu nikiwa kijana. Na huyu anakamua mbele ya macho yangu miaka yote, na maziwa nakunywa. Basi nimeshavunja. Tumukunde, kaa kwa fasi ya baba yako."

Wakanivisha koti lake la jeshi. Mikono ilifika mpaka kwenye vidole. Wakina mama walikuwa wanajibana wasicheke. Nilinawa. Nilipewa kikombe, nikanywa, nikiwa mume wa mama yangu, na sikujua nicheke ao nilie, kwa hiyo nilimeza tu. Baba mukubwa akatangaza, "Kilio cha Mukankusi kimeisha."

Nikataka kusimama. Akaniwekea fimbo begani.

"Bado," akasema. "Kuna swali. Mume akimaliza, mukubwa wa ukoo anamuuliza, na jibu lake ni sheria. Ndugu yangu huyu mwenye koti alinikimbia na swali hili miaka kumi na tisa. Leo nimemukamata." Akajinyoosha, akaita kwa sauti ya zamani, ile ya vilima: "Kanyamibwa, ndugu yangu! Nyumba yako imefunguka. Tukuletee mwanamuke?"

Aliuliza kwa kucheka, lakini macho yake hayakuwa yanacheka. Alikuwa anamuuliza kweli. Nikakaa ndani ya koti lile nikajua kwamba hapo njo mahali pale pale baba alipokuwa akisimama na saluti yake. Kutoka pale unaona mulango wote. Unaona mutu anayekuja kutoka nje. Aliye ndani, nyuma yako, na sufuria, huwezi kumuona isipokuwa umegeuka.

Nikageuka, Élysée. Nikatazama ndani ya nyumba yetu, giza lile la jikoni, kwa muda ambao baba mukubwa aliona ni mrefu, maana alikohoa.

Kisha nikamujibu kama ndugu yake.

"Asante, kaka. Nyumba hii ina mwanamuke. Alikuwa ndani siku zote. Mumutolee kiti."

Yaya yako,
Tumukunde